Master of Magic: mchezo wa kuiteka dunia usio na mizani, na kwa nini nautetea

#1, Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma maoni ya wenzetu wanaoshikilia kwamba mchezo bora wa mikakati ni ule ambao pande zote zimesawazishwa, ili atakayeshinda awe ameshinda kwa akili yake peke yake. Naomba niipinge hoja hiyo kwa kutumia mchezo mmoja mkongwe ambao siachi kuurudia kila nikipata wiki ya mapumziko, nao ni Master of Magic.

Mchezo huu ulitengenezwa na SimTex, kampuni ndogo ya Austin, Texas, chini ya mbunifu Steve Barcia, na ukatolewa na MicroProse mwaka 1994, mwaka mmoja tu baada ya watu wale wale kutoa Master of Orion. Aliyewahi kucheza Civilization ya mwaka 1991 atazitambua nguzo zake mara moja: miji, walowezi, barabara, kodi na ramani iliyofunikwa na giza. Kilichoongezwa ni kwamba wewe si mfalme bali ni mchawi (neno hilo lisikutishe, hapa halina ubaya wake wa kawaida), una wapinzani hadi wanne wenye uchawi kama wewe, na ulimwengu wenyewe ni miwili iliyolaliana: Arcanus, ambao wengi huanzia, na Myrror, ulio na utajiri zaidi na hatari zaidi. Hiyo miwili huunganishwa na minara ambayo ni lazima uwashinde walinzi wake kabla ya kupita. Unashinda kwa kuwaondoa wapinzani wote, au kwa kutafiti na kutamka Spell of Mastery, tamko ambalo ukilianza tu, kila mchawi aliyebaki hukugeukia.

Sasa tuje kwenye mizani. Kuna jamii 14 za kutawala, 9 za Arcanus na 5 za Myrror, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukaa chini akahakikisha kwamba zinalingana. Draconians karibu wote huruka, kwa hiyo jeshi la ardhini lisilo na silaha za masafa linabaki kuwatazama tu. Trolls hujiponya, na wakishinda pambano hata vikosi vyao vilivyouawa huinuka tena. Kila raia wa Dark Elves huzalisha nguvu ya uchawi kwa kuishi tu, bila wewe kujenga hata hekalu moja. Lizardmen huvuka bahari kwa miguu wakati wewe unahangaika kutafuta fedha za merikebu. Halafu kuna Orcs, ambao sifa yao kuu ni kwamba hawana sifa, ila wanaweza kujenga kila jengo.

Uchawi nao ni hivyo hivyo. Matamko yote ni 214, yaani 40 kwa kila moja ya shule tano za Life, Death, Chaos, Nature na Sorcery, na 14 ya Arcane ambayo ni ya wote. Mwanzoni unapewa pointi 11 za kununulia vitabu vya shule hizo au vipaji maalumu, na tayari hapo watu wawili wanaweza kuanza dunia moja wakiwa na vitu visivyofanana hata kimoja. Mwenye vitabu vingi vya Sorcery anaweza siku moja kusimamisha wakati ili wengine wote wagande yeye akiendelea kutembea. Mwenye Death hupigana na jeshi lako, halafu wafu wako wakainuka upande wake. Anayetaka kuzaliwa Myrror analipa pointi 3 kati ya zile 11, na bado wengi huona amepata kwa bei ya kutupa.

Ukisoma hayo utasema mchezo umeharibika, na mimi mwenyewe nilisema hivyo mara ya kwanza. Kilichonibadilisha ni kuelewa kwamba mbunifu hakuweka usawa kati ya jamii na jamii wala kati ya shule na shule, bali aliweka mfuko mmoja wenye matundu matatu ambao kila mchezaji anao. Kila zamu unapata kiasi fulani cha nguvu kutoka kwenye ngome yako, mahekalu na vitovu vya uchawi ulivyoviteka, na nguvu hiyo unaigawa sehemu tatu. Sehemu moja inakuwa mana, ambayo ndiyo akiba ya kutamkia uchawi na kulisha viumbe ulivyoviita. Sehemu nyingine inakwenda kwenye utafiti wa matamko mapya, na ya tatu kwenye ustadi, yaani kiasi cha mana unachoweza kutumia kwa zamu moja au ndani ya pambano moja. Unaweza kuwa na mana elfu moja ghalani, lakini kama ustadi wako ni 20, basi vitani wewe ni mtu wa mana 20. Ustadi wenyewe hupanda kwa taabu, kwa sababu kila hatua hugharimu zaidi ya ile iliyotangulia.

Kwa hiyo aliyepewa viumbe wakali anashindwa kuwalisha, aliyepewa matamko makubwa anakosa ustadi wa kuyatamka, na aliyejaza ghala anabaki bila kitu kipya cha kutamka. Kila mmoja ana upungufu wake, na anachagua mwenyewe ni upungufu upi ataishi nao.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Wiki iliyopita nilikuwa na vitabu vya Nature na jamii dhaifu, na kando ya mji wangu wa pili kulikuwa na kitovu cha Nature kilicholindwa na War Bears, dubu wa vita. Askari wangu wa mikuki wasingemaliza hata dakika moja mbele yao. Nikaita vikosi viwili vya Sprites, vile viumbe vidogo vyenye mabawa ambavyo ukivigusa vinakufa. Dubu hawana mabawa wala silaha ya kurusha, na kwa kanuni za mchezo huu asiyeruka wala kurusha hawezi kumshambulia anayeruka. Basi dubu wakawa wanazunguka chini, Sprites wakiwa juu, na kila kikosi kina mishale minne tu ya uchawi. Hapo ndipo hesabu inapoingia: ukigawa mishale minane kwa dubu wote, unawajeruhi wote na humuui yeyote, na ukirudi zamu nyingine utawakuta wamepona. Nikaielekeza yote kwa kundi moja likafa, nikaondoka, nikarudi kumalizia lililobaki. Kitovu kikawa changu bila kupoteza hata kiumbe mmoja. Nguvu zangu kwa zamu zikapanda, na nguvu hiyo mpya ikanirudisha kwenye lile swali la matundu matatu.

Katika mchezo uliosawazishwa, Sprites wangepewa uhai zaidi na dubu wangepewa namna ya kuwafikia, na tukio hilo lisingetokea kabisa.

#2, Zamu ya Mwisho

Mkuu, uzi mzuri, lakini sikubaliani nawe. Mimi ni mtu wa bao. Katika bao la kete kila mchezaji ana kete 32, mashimo ni yale yale, sheria za namu na za mtaji ni zile zile kwa wote wawili, na bado mabingwa wamekaa barazani miaka yote hiyo bila kuchoka. Usawa haujaua chochote pale. Unachokisifu wewe ni mchezo ambao ulitolewa ukiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba viraka vya kuurekebisha viliendelea hadi mwaka 1995, na ambao adui anayeendeshwa na kompyuta hajui kuutumia huo upungufu wa mizani unaouita utajiri. Mimi nimewahi kumwona akituma kikosi kimoja cha mikuki kuja kuvamia mji wenye askari tisa, zamu baada ya zamu, mfano wa mtu anayetoa sadaka. Tena kuna ile mbinu mashuhuri ya kuipa meli ya kivita uwezo wa kuruka na kutoonekana, halafu ukaizungusha juu ya nchi kavu ukibomoa kila kitu. Je, hapo akili ya mchezaji iko wapi? Ukishaijua mbinu hiyo, dunia imeshatekwa na kilichobaki ni kubofya.

#3, Mwanzisha uzi

Ndugu Zamu ya Mwisho, mfano wa bao ni mzuri na nitauchukua kwa mikono miwili, ila naomba tuutazame vizuri. Bao lina usawa kwa sababu mnakaa watu wawili, mmoja mbele ya mwingine, na kila mmoja anataka kujua nani zaidi. Master of Magic ya mwaka 1994 haikutengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Unacheza peke yako dhidi ya kompyuta, na swali lake ni kwamba umepewa hawa watu, mahali hapa, na vitabu hivi, sasa utafika wapi nao. Kwa mchezo wa aina hiyo, kulinganisha pande zote ni sawa na kumpa kila mpishi kapu lile lile la viungo.

Kuhusu kompyuta, nakubali bila ubishi kwamba haina akili. Katika ngazi ya juu kabisa, ambayo jina lake ni Impossible, waundaji hawakuifundisha kufikiri bali waliipa nafuu ya rasilimali, na hiyo ni njia ya mkato. Hata hivyo ukicheza ngazi hiyo utagundua jambo moja. Mchawi wa Chaos anayekuchukia hahitaji kuwa na akili ili kuuangushia mji wako mkuu tamko la Call the Void ukaona nusu ya majengo yameondoka. Nguvu zisizo na mizani zinampa hata adui mjinga uwezo wa kukuumiza. Katika mchezo uliopimwa kwa rula, adui mjinga ni mjinga tu.

Na ile meli inayoruka naijua. Niliitumia mara moja, nikamaliza dunia nzima jioni moja, sijaigusa tena. Kila mchezo wa zamani una mlango wa uani, na si lazima kila mgeni apite huko.

#4, Liwali wa Mji Uliotekwa

Nimekuwa msomaji wa kimya, lakini hapa naona mjadala umebaki kwenye vita na viumbe, na kuteka dunia kumesahaulika. Kuuteka mji katika mchezo huu ni rahisi kuliko kukaa nao, na hapo ndipo kukosekana kwa mizani kunapouma kweli.

Kila mji una kiwango cha raia waasi, yaani watu wanaokula bila kufanya kazi. Kiwango hicho hupanda kadiri unavyopandisha kodi, na hupanda pia kulingana na uhusiano kati ya jamii ya mji huo na jamii ya mji ulio na ngome yako. Mimi huwa napenda kuanza na High Elves. Siku nilipovuka mnara na kuuteka mji mkubwa wa Dark Elves huko Myrror, nilifurahi sana, kwa sababu nilijua kila raia wao ni chemchemi ya uchawi. Furaha hiyo ilidumu hadi nilipoufungua ukurasa wa mji. Sehemu kubwa ya wakazi ilikuwa imegoma, chakula hakitoshi, na ili watulie nilitakiwa kuacha pale askari wengi ambao nao walihitaji kula na kulipwa. Hizo jamii mbili zinachukiana, na hakuna ushindi wa vitani unaofuta chuki hiyo. Klackons ni kisa kingine: wakiwa wenyewe kwa wenyewe wana utulivu na wanazalisha kuliko karibu wote, lakini ukiwatawala watu wengine kutoka ngome ya Klackons, utajuta. Halflings kinyume chake huelewana na karibu kila mtu, kwa hiyo mwenye kuanza nao ana himaya isiyo na kelele ingawa jeshi lake linaonekana la watoto.

Baada ya kuuteka mji unaulizwa kama unataka kuuteketeza. Ukikubali, unapata dhahabu kidogo na sifa yako inashuka. Wengi huliona swali hilo kama mapambo, lakini sifa katika mchezo huu ni kitu kinachoshikika. Ndiyo inayowavuta mashujaa na askari wa kukodi waje kubisha hodi, na ndiyo inayopunguza dhahabu unayolipa kwa majeshi yako kila zamu. Kwa hiyo mshindi mkatili huanza kulipa ukatili wake kwa fedha taslimu, bila mtu yeyote kumhubiria.

Mimi niliishia kuutunza ule mji wa Dark Elves kwa kodi ya chini kabisa kwa zamu nyingi mno. Haukunilipa kamwe gharama zake. Lakini nisingeuacha, kwa sababu ningeuacha ungechukuliwa na Rjak, mmoja wa wachawi wapinzani, na Rjak na vitabu vyake 9 vya Death akiongezewa nguvu za mji ule ni habari nyingine.

#5, Mgeni Barazani

Wakuu, shikamooni. Mimi sijawahi kuucheza, nimeununua juzi baada ya kuusoma uzi huu na kompyuta yangu mpakato ya zamani imeukubali bila shida. Naomba kuuliza mambo mawili. Je, mashujaa ni wa muhimu au ni wa kupamba tu? Na zile pointi 11 mwanafunzi azitumieje?

#6, Mhunzi

Marahaba, mgeni wetu. La mashujaa nitalijibu mimi kwa sababu ndilo linalonifanya nicheze.

Unaweza kuwa na mashujaa sita kwa wakati mmoja, na wengine huja wenyewe wakivutwa na sifa, wengine unawaita kwa uchawi. Wanapigana, wanapanda ngazi hadi ile ya juu kabisa, na kila mmoja ana nafasi tatu za vifaa. Wapo waungwana wanaokuingizia dhahabu kila zamu hata wakiwa wamekaa tu mjini, na wapo wapiga mishale ambao baada ya ngazi kadhaa wanamaliza pambano kabla adui hajavuka nusu ya uwanja. Mwenye vitabu vingi vya Life anaweza pia kumwita Torin kwa tamko la Incarnation, naye ni jeshi peke yake.

Kinachonivutia mimi ni ufuaji. Kwa tamko la Create Artifact unachagua kifaa, kwa mfano upanga, ngao au mkufu, kisha unakipachika sifa moja baada ya nyingine, na kila sifa inaongeza gharama ya mana mbele ya macho yako. Unaanza kwa kusema utafua upanga mdogo tu, unaongeza shambulio, unaongeza ulinzi, halafu unaona ukipachika na uwezo wa kuruka itakuwa vizuri zaidi, na ghafla unatazama kifaa kitakachokula ustadi wako wote kwa zamu 40. Katika zamu hizo 40 huwezi kutamka kitu kingine nje ya vita bila kukikatisha. Nimewahi kupoteza miji miwili nikiwa nafua mkufu. Mkufu wenyewe ulipokamilika nilimvisha shujaa wangu bora, akaenda nao kwenye pango la kwanza, akafa. Vifaa vya shujaa aliyekufa vitani huchukuliwa na mshindi, ingawa sijui zimwi la pangoni lilikuwa na haja gani na mkufu.

Kwa hiyo jibu ni kwamba ni wa muhimu sana, lakini usimpe mmoja kila kitu.

#7, Mwanzisha uzi

Nami nijibu la pointi 11, nikitanguliza kwamba hakuna jibu moja na kwamba Life na Death haziwezi kuchanganywa.

Kwa mwanafunzi ningependekeza Halflings, kwa sababu Liwali ameshaeleza utulivu wao, na kwa sababu wana bahati kama sifa ya jamii: wanalenga vizuri zaidi, na anayewalenga hukosea zaidi. Kikosi chao cha makombeo, Slingers, kina watu wanane, na kila faida ndogo unayokiongezea inazidishwa mara nane. Hilo ndilo jambo ambalo wageni wengi hawalioni mapema. Mnyama mkubwa mmoja ukimwongezea nguvu moja, umemwongezea moja, lakini watu wanane wakiongezewa moja kila mmoja, umebadilisha pambano.

Kwa msingi huo, chukua vitabu 6 vya Life, 2 vya Nature, kipaji cha Warlord kwa pointi 2, ambacho kinawapandisha askari wako wote ngazi moja, na Alchemy kwa pointi 1, ambacho kinawapa silaha za uchawi tangu siku wanapotoka kambini. Katika Life chagua Heroism miongoni mwa matamko ya mwanzo, ili kikosi kichanga kiwe cha wakongwe kwa tamko moja. Katika Nature chukua Sprites kwa sababu nilizozieleza, au Web, utando unaomshusha chini kiumbe anayeruka ili makombeo na mikuki yamfikie.

Halafu gawa nguvu zako. Wageni wote, nami nilikuwa mmoja wao, huweka karibu kila kitu kwenye mana, kwa kuwa mana inaonekana na inatumika leo. Jizuie. Katika zamu za mwanzo utafiti na ustadi vipate sehemu kubwa, na mana iwe ya kutosha tu kulisha ulionao.

#8, Nahodha wa Pembe Sita

Nichomeke neno kuhusu matoleo mapya, maana mgeni anaweza kuchanganyikiwa dukani. Liko toleo jipya kabisa la Desemba 2022, lililotengenezwa na MuHa Games wa Poland na kutolewa na Slitherine, ambalo limebadilisha miraba ya ramani kuwa ya pembe sita na kuchora kila kitu upya, lakini jamii, shule na yale matundu matatu yamebaki. Mimi ninalicheza hilo na macho yangu yanashukuru. Lipo pia Caster of Magic, kazi iliyoanza kama marekebisho ya mpenzi mmoja wa mchezo kabla ya kutolewa rasmi, ambayo inafanya kile hasa Zamu ya Mwisho anachokitaka: kompyuta ina akili zaidi na matamko yamepimwa upya.

Na kwa uzoefu wangu, Mwanzisha uzi, hapo hoja yako inayumba. Nimecheza Caster of Magic kwa miezi, na adui anayejua kutumia vitabu vyake ndiye aliyenifanya nianze kuziogopa zile jamii. Kumbe nguvu zisizo sawa zinahitaji mtu wa kuzitumia upande wa pili.

#9, Mwanzisha uzi

Nahodha, hapo umenipata. Nitasema tu kwamba hata katika Caster of Magic, Trolls bado wanainuka na Draconians bado wanaruka. Mtengenezaji amepima bei za vitu, lakini hakuvifanya vifanane. Kama huo ndio usawa mnaoutetea, basi tofauti yetu imebaki ndogo kuliko nilivyodhani nilipoufungua uzi huu.

#10, Zamu ya Mwisho

Ni ndogo, lakini ipo. Mimi nikishindwa nataka kujua nimekosea wapi, siyo kuambiwa kwamba jirani yangu alizaliwa Myrror.

#11, Mgeni Barazani

Wakuu, nimerudi na taarifa, kwa sababu naona inahusu ubishi wenu.

Nilifuata ushauri wa pointi 11 neno kwa neno. Halflings wangu walikuwa wapole kama Liwali alivyosema, kitovu cha kwanza nilikichukua kwa Sprites, na kufikia zamu ya mia nilikuwa na vikosi sita vya makombeo vilivyopandishwa kwa Heroism. Nikawa nawapiga watu kwa mawe hadi nikaona huruma. Mchawi wa kwanza niliyekutana naye nilimng'oa kwenye ngome yake, nikajua dunia ni yangu. Nikaupeleka msafara wote kwenye mnara ili nivuke kwenda Myrror.

Ndani ya mnara uwanja ulikuwa mtupu. Nikadhani ni hitilafu, zile alizozitaja Zamu ya Mwisho. Nikapitisha zamu. Kikosi cha kwanza cha makombeo kikaanza kufa, watu wanne kwa mpigo, na bado sioni kitu. Nikabofya kila mraba kutafuta wa kumrushia mawe, mchezo ukakataa. Kikafa cha pili, kikafuata cha tatu. Baadaye nikasoma kwamba yule alikuwa Night Stalker, kiumbe wa Death asiyeonekana, na kwamba asiyeonekana huwezi kumrushia kitu ukiwa mbali. Watu 48 walikufa wakiwa na mawe mikononi.

Kilichoniuma si hicho. Nilipofungua orodha ya utafiti ili kuona kama kuna dawa, nilikuta True Sight, tamko la Life linalompa askari macho ya kuwaona wasioonekana, limekaa pale tangu zamu ya sitini na kitu. Sikuwahi kuligusa. Nguvu zangu karibu zote zilikuwa kwenye mana, na ghalani nilikuwa na mana mia tisa na ustadi wa 31.

Nimeanza dunia nyingine usiku huu, na Halflings wale wale.